Saratani ya kibofu: Mkojo ukiwa safi, usiache kliniki

Mgonjwa wa saratani ya kibofu anapomaliza matibabu na kuona mkojo wake umerudi kuwa safi, hushukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zake. Maumivu yameisha, damu haionekani tena, na pesa za nauli ya hospitali zinahitajika kwa karo ya watoto. Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa huacha kwenda kliniki. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini ni wa hatari. Saratani ya kibofu ni miongoni mwa saratani ambazo hurudi mara nyingi baada ya kutibiwa, na mara nyingi hurudi kimyakimya kabla mgonjwa hajahisi chochote.

Makala haya ya elimu ya afya yanaeleza kwa nini ugonjwa huu hurudi, vipimo vinavyosaidia madaktari kutabiri au kugundua mapema kwamba umerudi baada ya kemotherapi, na mahali ambapo vipimo hivyo vinaweza kudanganya. Yanaeleza pia kwa nini wakazi wa Pwani, ambako kichocho kimekuwepo kwa vizazi vingi, wana sababu ya ziada ya kuyaelewa mambo haya.

KIBOFU NA SARATANI YAKE

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya kitovu, nyuma ya mfupa wa kinena. Hupokea mkojo kutoka kwenye figo kupitia mirija miwili na kuuhifadhi hadi mtu aende haja ndogo. Kwa ndani kumetandazwa utando laini unaogusana na mkojo usiku na mchana. Sumu ambazo figo zimechuja kutoka kwenye damu, zikiwemo zile za moshi wa sigara, hukaa juu ya utando huo kwa saa kadhaa kabla ya kutolewa nje. Ndiyo maana mvutaji sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya kibofu kuliko mtu asiyevuta, ingawa moshi wenyewe huingia kwenye mapafu.

Saratani nyingi za kibofu huanzia kwenye utando huo. Madaktari huzigawa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni uvimbe ulio juujuu, ambao haujafika kwenye misuli ya kibofu. Katika nchi za Ulaya na Marekani, karibu wagonjwa watatu kati ya kila wanne hugunduliwa wakiwa katika hatua hii. Kundi la pili ni uvimbe uliokwisha kupenya hadi kwenye misuli. Huu ni mkali zaidi, na unaweza kusambaa hadi kwenye tezi, mapafu, ini au mifupa.

Tofauti ya makundi haya mawili ndiyo huamua matibabu, na ndiyo huamua pia namna mgonjwa atakavyofuatiliwa baadaye.

MATIBABU HUFANYWAJE?

Uvimbe wa juujuu hukatwa na kukwanguliwa kwa chombo chembamba kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Vipande vilivyokatwa hupelekwa kwenye maabara ya patholojia ili vichunguzwe. Baada ya hapo daktari anaweza kuweka dawa ya kemotherapi, kwa mfano mitomaisini, moja kwa moja ndani ya kibofu kupitia mpira wa mkojo. Dozi ya kwanza ikiwekwa ndani ya saa 24 baada ya upasuaji husaidia kuua seli za saratani zilizobaki zikielea, na hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi kwa wagonjwa ambao hatari yao si kubwa.

Kwa wagonjwa wenye hatari kubwa, dawa inayotumiwa sana ni BCG. Hii ni chanjo ileile ambayo mtoto hudungwa mkononi baada ya kuzaliwa ili kumkinga na kifua kikuu. Mwaka 1976, daktari Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada walichapisha matokeo ya kuiweka ndani ya kibofu cha wagonjwa wa saratani. BCG huamsha askari wa kinga ya mwili, nao wakashambulia seli za saratani. Kwa kawaida huwekwa mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha dozi za kuendeleza hutolewa kwa vipindi kwa mwaka mmoja hadi mitatu.

Uvimbe uliopenya kwenye misuli huhitaji matibabu mazito zaidi. Mgonjwa ambaye figo na mwili wake vinaweza kustahimili hupewa kemotherapi kupitia mshipa wa damu, mara nyingi sisplatini pamoja na dawa nyingine, halafu kibofu huondolewa kwa upasuaji. Wagonjwa wengine hutibiwa kwa mionzi pamoja na kemotherapi ili kibofu kibaki.

KWA NINI SARATANI HURUDI?

Mkulima anaielewa hali hii vizuri. Mtu anaweza kung'oa gugu alilioona na shamba likaonekana safi, lakini mbegu za magugu zikawa bado zimo udongoni. Mvua ikinyesha, magugu huota tena, pengine pale pale, pengine upande wa pili wa shamba.

Kibofu ni hivyo hivyo. Kwanza, seli chache zisizoonekana kwa macho zinaweza kubaki baada ya upasuaji. Pili, utando wote wa kibofu umekuwa ukiogeshwa kwa sumu zilezile kwa miaka mingi, hivyo sehemu nyingine inaweza kuota uvimbe mpya hata kama ule wa kwanza uliondolewa kikamilifu.

Mwaka 2006, watafiti wa shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, EORTC, walichapisha hesabu za wagonjwa 2,596 waliokuwa na uvimbe wa juujuu. Wengi wao walikuwa wamewekewa dawa ndani ya kibofu. Katika mwaka wa kwanza, uvimbe ulirudi kwa wagonjwa 15 kati ya 100 katika kundi lenye hatari ndogo kabisa, na kwa wagonjwa 61 kati ya 100 katika kundi lenye hatari kubwa kabisa. Kufikia miaka mitano, idadi hizo zilikuwa zimepanda hadi 31 na 78 kati ya 100.

Idadi hizi zinabeba somo moja. Hata mgonjwa aliye katika kundi salama kuliko yote hawezi kusema kwamba yaliyompata yamekwisha. Habari njema ni kwamba uvimbe mwingi wa juujuu unaporudi na kugunduliwa mapema unaweza kutibiwa tena. Kinachoua ni ule ulioachwa hadi ukapenya.

VIASHIRIA NI NINI?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kiashiria cha saratani ni wingu la namna hiyo: kitu kinachoweza kupimwa kwenye mkojo, kwenye damu au kwenye kipande cha uvimbe, nacho humdokezea daktari kwamba saratani huenda ipo au inaweza kurudi. Lakini kama kila mkazi wa Pwani anavyojua, kuna mawingu yanayopita bila tone, na kuna mvua inayonyesha ghafla bila kutarajiwa. Viashiria navyo viko hivyo.

Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kutabiri, yaani kumwambia daktari tangu mwanzo kwamba mgonjwa huyu yuko katika hatari kubwa au ndogo. Ya pili ni kugundua, yaani kuonyesha wakati wa kliniki kwamba saratani imerudi.

Katika kutabiri, dalili zinazotegemewa zaidi bado ni zile zinazotokana na upasuaji wa kwanza wenyewe: idadi ya uvimbe, ukubwa wake, umeingia kina gani, seli zake ni kali kiasi gani, kama kuna mabaka bapa ya saratani kwenye utando, na kama mgonjwa aliwahi kuugua hivyo kabla. Mambo haya sita ndiyo yaliyotumiwa katika hesabu ya EORTC. Watafiti wamechunguza pia protini zilizo ndani ya uvimbe, kama vile p53 na Ki-67, lakini hazijachukua nafasi ya mambo hayo sita katika maamuzi ya kila siku.

Kwa hiyo ripoti ya patholojia ni karatasi ya thamani. Mgonjwa anapaswa kuomba nakala yake na kuitunza kama anavyotunza hati ya shamba. Akihamishiwa hospitali nyingine, karatasi hiyo itamweleza daktari mpya mambo ambayo hakuna kipimo cha mkojo kinachoweza kueleza.

VIPIMO VYA MKOJO

Kipimo cha zamani zaidi ni kuangalia seli za mkojo kwa hadubini. Mwaka 1945, George Papanicolaou na Victor Marshall walichapisha matokeo ya kutafuta seli za saratani kwenye mkojo. Papanicolaou ndiye aliyetoa jina la kipimo cha "Pap" ambacho akina mama hupimwa ili kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha seli za mkojo ni kizuri sana katika kutambua saratani kali. Mtaalamu akisema ameziona seli hizo, ni lazima daktari azitafute zilikotoka. Udhaifu wake ni kwamba hukosa uvimbe mwingi wa aina isiyo kali, kwa kuwa seli zake hufanana sana na seli za kawaida.

Kipimo cha pili hutafuta protini iitwayo NMP22, inayotoka kwenye kiini cha seli. Seli za saratani huitoa kwa wingi zaidi. Kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya kuwafuatilia wagonjwa wa saratani ya kibofu, na baadaye ikaja aina inayoweza kutoa jibu papo hapo kliniki. Hukamata uvimbe ambao hadubini hukosa, lakini nacho hupiga kengele bure kukiwa na maambukizi, mawe au damu kwenye njia ya mkojo.

Kipimo cha tatu huzipaka seli rangi zinazong'aa ili kuhesabu kromosomu za 3, 7 na 17, na kuangalia kama kipande cha kromosomu ya 9 kimepotea. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli. Seli yenye afya huwa na jozi ya kila moja. Seli ya saratani mara nyingi huwa imezidisha au imepoteza. Kipimo hiki huhitaji mashine na wataalamu maalumu, nacho ni ghali.

Baada ya kemotherapi au BCG kuwekwa kwenye kibofu, kusoma vipimo hivi huwa kugumu zaidi. Dawa huchubua utando. Seli za kawaida huvimba, hubadilika umbo, na zinaweza kuonekana kama za saratani kwa mtu asiyejua historia ya mgonjwa. BCG huleta uvimbe wa kinga unaoweza kudumu kwa muda na kuvuruga majibu. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anapotoa mkojo maabara anapaswa kusema ni dawa gani aliyowekewa, na lini mara ya mwisho. Sentensi hiyo moja inaweza kumwepusha na hofu isiyo na msingi au upasuaji usiohitajika.

HESABU YA MFANO

Ili kuona jinsi kipimo kinavyoweza kusaidia na jinsi kinavyoweza kudanganya, chukua mfano wa wagonjwa 100 waliokuja kliniki. Idadi hizi ni za kufundishia tu, si za hospitali yoyote.

Kati ya hao 100, saratani imerudi kwa 20, na 80 wako salama. Kipimo cha mkojo kinawakamata 14 kati ya wale 20 na kuwakosa 6. Kati ya wale 80 walio salama, kinawapigia kengele bure 12.

Sasa jumla ya walioambiwa "kuna kitu" ni 26. Kati yao, 12 hawana saratani. Mgonjwa aliyepata jibu hilo ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini hana sababu ya kukata tamaa wala kuuza ng'ombe kabla ya kibofu kuangaliwa kwa kamera.

Walioambiwa "hakuna kitu" ni 74. Kati yao, 6 wana saratani ndani ya kibofu na hawajui. Hawa ndio walio katika hatari kubwa zaidi wakirudi nyumbani na kusema kipimo kimewaondolea shaka.

Hii ndiyo sababu kipimo cha mkojo hakijachukua nafasi ya kamera ya kibofu. Kamera hiyo, iitwayo sistoskopi, ni mrija mwembamba wenye taa unaopitishwa kwenye njia ya mkojo baada ya kuweka dawa ya ganzi. Daktari huona utando wote kwa macho yake. Si jambo la kupendeza, na wanaume wengi huliogopa, lakini mara nyingi huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipimo cha mkojo ni mlinzi wa langoni. Kamera ni mwenye nyumba anayeingia chumba kwa chumba.

DAMU INAPOZUNGUMZA MAPEMA

Kwa wagonjwa ambao saratani ilipenya kwenye misuli, swali ni kubwa zaidi. Kibofu kikishaondolewa, saratani inaweza kurudi kwenye mapafu, tezi au mifupa, mahali ambapo kamera haifiki. Kwa kawaida hutafutwa kwa picha za CT, ambazo huona uvimbe uliokwisha kukua kiasi cha kuonekana.

Watafiti wa Aarhus nchini Denmark walijaribu njia nyingine. Seli za saratani zinapokufa hutupa vipande vya vinasaba vyao kwenye damu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yaliwahusu wagonjwa 68 waliopewa kemotherapi kabla ya kuondolewa kibofu. Watafiti walipima damu yao mara kwa mara wakitafuta vipande hivyo.

Baada ya upasuaji, kati ya wagonjwa ambao damu yao ilionyesha vipande hivyo, saratani ilirudi kwa asilimia 76. Kwa wale ambao damu yao haikuonyesha kitu, haikurudi kwa hata mmoja katika kipindi walichofuatiliwa. Zaidi ya hayo, kwa kawaida damu ilitangulia picha kwa takriban siku 96, yaani miezi mitatu hivi.

Mwaka 2021, utafiti mwingine mkubwa zaidi uliwaangalia wagonjwa 581 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Asilimia 37 kati yao walikuwa na vipande hivyo kwenye damu, na hao ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Kati ya hao pia, waliopewa dawa ya kuamsha kinga iitwayo atezolizumabu walionekana kufanya vizuri kuliko wale ambao hawakupewa. Kwa wagonjwa ambao damu yao ilikuwa safi, dawa hiyo haikuonyesha faida.

Matokeo haya yanatia moyo kwa sababu mbili. Mgonjwa mwenye hatari anaweza kujulikana mapema, na asiye na hatari anaweza kuepushwa na dawa kali asizozihitaji. Hata hivyo, kipimo hiki bado si cha kawaida. Mkazi asiuze mali yake kukitafuta huku akiacha picha na kliniki alizopangiwa. Kujua mapema kuna faida pale tu ambapo kuna tiba ya kufuata baada ya kujua.

KICHOCHO NA KIBOFU CHA MPWANI

Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz akiwa Cairo, Misri, aligundua mnyoo unaosababisha kichocho. Mnyoo huo huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake hukwama kwenye utando na kuuwasha kwa miaka. Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Misri ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi saratani ya kibofu ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoongoza nchini humo. Kampeni za kutibu kichocho ziliposhika kasi, saratani ya kibofu inayohusiana na kichocho ilipungua.

Hapa Pwani, kichocho cha mkojo kinajulikana vizuri katika kaunti za Kwale, Kilifi na Tana River. Eneo la Msambweni, Kwale, limekuwa likifanyiwa utafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980. Utafiti huo ulionyesha kwamba kuwatibu watoto wa shule hupunguza maambukizi na damu kwenye mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi kumeza na hufanya kazi.

Lakini kichocho kinaleta mitego miwili kwa mtu mzima.

Mtego wa kwanza ni mazoea. Katika maeneo yenye kichocho, kukojoa damu huweza kuchukuliwa kuwa jambo la kawaida. Mzee wa miaka 55 akiona damu, anaweza kusema ni kichocho cha utotoni kimerudi, ameze dawa na kungoja. Dawa ya kichocho haitibu saratani. Mtu mzima aliyemeza prazikwanteli na bado ana damu kwenye mkojo anahitaji kuchunguzwa kibofu, si dozi ya pili ya kubahatisha.

Mtego wa pili unahusu vipimo vyenyewe. Saratani inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya aina tofauti na ile ya kawaida ya Ulaya, na viashiria vingi vya mkojo vilibuniwa kwa kuangalia aina hiyo ya Ulaya. Tena, damu na uvimbe unaoletwa na kichocho ndivyo vitu vinavyoweza kukifanya kipimo kama NMP22 kipige kengele bure. Kwa hiyo mgonjwa aliyekulia kando ya bwawa au mto wenye konokono wa kichocho anapaswa kumweleza daktari jambo hilo hata kama hajaulizwa, na kichocho kikipatikana kitibiwe.

RATIBA YA KUFUATILIWA

Daktari ndiye humpangia kila mgonjwa tarehe zake. Kwa uvimbe wa juujuu, mpangilio unaotumiwa sana katika miongozo ya Ulaya ni huu:

Kamera ya kwanza hufanywa miezi mitatu baada ya upasuaji, kwa wagonjwa wote. Kamera hii ya kwanza yenyewe ni kiashiria kikubwa, kwa kuwa ikikuta uvimbe mpya, hatari ya mbele huwa kubwa zaidi.

Mwenye hatari ndogo, kamera ya kwanza ikiwa safi, hurudia baada ya miezi tisa, kisha mara moja kwa mwaka hadi miaka mitano.

Mwenye hatari kubwa hufanyiwa kamera na kipimo cha seli za mkojo kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi miaka mitano itimie, na baadaye mara moja kwa mwaka.

Mwenye hatari ya wastani huwekwa katikati ya hizo mbili.

Mgonjwa aliyekosa tarehe kwa sababu ya nauli, msiba au msimu wa kupanda asiseme amechelewa sana. Aende siku ya kliniki inayofuata. Tarehe iliyokosekana hurekebishwa kwa urahisi kuliko uvimbe uliopenya.

DALILI ZA KUTOSUBIRI TAREHE

Mgonjwa aende kituo cha afya mara moja, bila kungoja kliniki, akiona mojawapo ya haya:

- Damu kwenye mkojo, hata ikiwa mara moja na bila maumivu
- Kushindwa kukojoa au mkojo wenye madonge ya damu
- Maumivu ya ubavuni, mifupani au kwenye kinena yasiyoisha
- Kukonda bila sababu
- Homa baada ya kuwekewa BCG

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Wagonjwa wengi huingia kwa daktari wakiwa na maswali na kutoka wakiwa wameyasahau. Ni vizuri kuyaandika, au kwenda na mtoto au jirani anayeweza kukumbuka. Maswali haya matano yanatosha kuanzia:

1. Je, uvimbe wangu ulikuwa umefika kwenye misuli?
2. Niko katika kundi la hatari ndogo, ya wastani au kubwa?
3. Kamera yangu inayofuata ni lini, na nitaifanyia hospitali gani?
4. Kipimo cha mkojo nilichofanyiwa kinaweza kukosa nini?
5. Naweza kupata nakala ya ripoti ya patholojia?

KAZI YA FAMILIA NA JAMII

Kufuatiliwa kwa miaka mitano ni safari ndefu kwa mtu mmoja. Familia inaweza kuandika tarehe za kliniki ukutani, kuweka akiba ndogo ya nauli mapema, na kumkumbusha mzee bila kumkemea. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waambiwe kwamba katika nyumba hiyo kuna mtu aliyetibiwa saratani ya kibofu, ili wamwulize kuhusu tarehe yake ijayo.

Anayevuta sigara na aache. Kuacha baada ya kuugua si kazi bure, kwa maana kila siku asiyovuta ni siku ambayo utando wa kibofu hauogeshwi sumu.

Mkazi ambaye bado hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, afanye hivyo akiwa mzima. Mgonjwa aliyesajiliwa aulize kwenye dawati la SHA hospitalini ni sehemu gani ya matibabu na ufuatiliaji wa saratani inayolipiwa, ili ajipange kwa kinachobaki.

La mwisho ni aibu. Kibofu na njia ya mkojo ni sehemu ambazo watu hawapendi kuzizungumzia, na kamera huwafanya wengine wakae na siri yao hadi wachelewe. Wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkojo safi ni jambo la kushukuru. Kipimo safi ni jambo la kushukuru zaidi. Lakini kadi ya kliniki ikiwa bado ina tarehe iliyoandikwa mbele, matibabu hayajaisha.